Aliyeiacha Pasi

Kuna upweke wa mtu asiye na mtu, na kuna upweke wa mtu mwenye mtu asiyeweza kumtaja. Sindano aliuonja wa kwanza tangu utotoni akauzoea. Huu wa pili ulikuwa na wiki tatu tu, na ndio uliomkondesha.

Jina la Sindano alibandikwa na waigizaji wa jumba la maonyesho alikokuwa fundi wa mavazi. Alikuwa mwembamba, mkimya, na ukimkosea alikuwa na neno moja tu la kukuchoma, basi, anarudi kwenye cherehani yake. Siku hizi hata hilo neno moja lilimkauka. Mchana ule wa Jumamosi, saa chache kabla ya onyesho la alasiri, alisimama mlangoni kwa Mama Mvuke akiwa na mkate kwapani, akapiga hodi.

"Karibu, mlango uko wazi," sauti ikajibu kutoka ndani. "Ngoja kwanza, nihakikishe. Ndiyo, uko wazi."

Mama Mvuke alikuwa mpiga pasi wa jumba lile tangu Sindano hajazaliwa. Ndiye aliyempokea Sindano alipokuja kuomba kazi, hana ndugu wala barua ya mtu wa kumdhamini. Alimfundisha kutia pindo lisiloonekana, akagawana naye chakula cha mchana miaka yote ile, na alimwita mwanangu kabla hata ya kumuuliza anatoka ukoo gani. Sasa alikuwa ameketi kitandani, mikono imelala mapajani, mikono ambayo Sindano hakuwahi kuiona ikikaa bure.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Au macho nayo yameanza kunidanganya?"

"Nimekonda kweli."

"Afadhali. Maana yake macho bado."

Sindano akacheka kidogo, akageuka atafute pa kuchemshia chai. Pale pembeni palipokuwa na jiko palibaki alama nne za miguu yake sakafuni.

"Jiko liko wapi, Mama?"

"Nimempa jirani. Mtu aliyesahau pasi juu ya gauni la watu, jiko atalikumbuka? Na huko juu wanalala watoto wa watu."

"Sasa unakula nini?"

"Vya baridi. Usinitazame hivyo, sijafa. Jana nilitoka kwenda dukani, nikarudi kuangalia kama nimefunga mlango. Nikatoka, nikarudi. Nikatoka tena, nikarudi tena. Nilipofika dukani, mwenye duka kafunga." Akacheka peke yake, halafu kicheko kikamwishia. "Kazi hainiumi, mwanangu. Kazi huja, kazi huenda. Kinachoniuma ni kwamba nakumbuka niliisimamisha ile pasi juu ya kigae chake, kama siku zote. Naiona hivi. Halafu naambiwa ilikutwa imelala kifudifudi juu ya hariri. Sasa hiki ninachokiona kichwani nimekitoa wapi? Marehemu mama yangu alianza hivi hivi. Mwisho wake alikuwa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani."

Sindano alikata mkate ambao hakuna aliyeuhitaji. 

"Labda hukusahau, Mama."

"Nani basi? Pasi yangu haishikwi na mtu. Hata wewe hujawahi kuishika."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililommaliza yule mama. Katika jumba lile kila mtu aligusa kila kitu, wigi, viatu, hata chai ya mwenzake, lakini pasi ilikuwa ya Mama Mvuke peke yake. Aliwahi kumpiga mwigizaji mkuu kofi la mkononi kwa kuinyooshea kidole tu. Kwa hiyo moshi ulipotoka chumba cha mavazi, hakuna aliyeuliza nani. Sheria yake mwenyewe ilimhukumu, naye akaikubali hukumu bila kuleta ubishi.

Kumbe aliyeishika ni Bwana Mdogo, na Sindano alikuwepo.

Na Bwana Mdogo nalo lilikuwa jina la jukwaani lililomganda. Katika tamthilia ile kongwe waliyokuwa wakiicheza msimu huo, alikuwa mtoto wa jaji, kijana anayechukua pete ya mama yake kisirisiri, halafu anakaa mezani na kula huku mtumishi wa ndani akifukuzwa kwa wizi ambao hakuufanya. Nje ya jukwaa alikuwa mtoto wa mama mwenye maduka ya vitambaa, mfadhili wa jumba, mwanamke ambaye akikohoa mwongozaji anamletea maji. Kwa heshima ya mwanawe, mama huyo aliwaazima gauni lake la hariri ya kijani, alilovaa siku marehemu mumewe alipomchumbia, livaliwe na mke wa jaji.

Ilikuwa hivi. Mama Mvuke, aliyekuwa akilipiga pasi gauni hilo, aliitwa akamfunge zipu mwigizaji mmoja aliyenenepa katikati ya msimu. Bwana Mdogo akaingia chumba cha mavazi alimobaki Sindano kwa ile mbinu yake ya kujifanya ana kola iliyokunjamana. Akainyanyua pasi kwenye kigae, akasema, "Nifundishe. Siku moja nitakupigia pasi nguo zako, na wewe utakaa tu unaniangalia." Sindano akamwambia aiache. Akamwambia huku anacheka, na msichana akikataa huku anacheka, hakuna mwanamume anayemsikia. Macho yao yakakutana, yakakaa. Mara ikasikika sauti ya mama yake koridoni, akiuliza gauni lake liko wapi. Bwana Mdogo akaitua pasi haraka pale mkono ulipofika, akamshika Sindano kiganja, wakatokea mlango wa nyuma wakikimbia kama watoto walioiba sukari. Sindano hakugeuka kutazama. Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha usiku: kwamba hakugeuka.

"Kunywa basi hata maji," Mama Mvuke alimwambia. "Umekuja kunitazama au kunililia?"

"Lazima niwahi kazini, Mama."

"Nenda. Na waambie plagi waichomoe wakitoka. Waambie ni mimi niliyesema."

* * *

Alimkuta Bwana Mdogo chumba cha mavazi, amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu ikining'inia, shati la jukwaani halijafungwa. Moyo wa Sindano ukamwenda mbio bila kumwomba ruhusa. Mapenzi hayana adabu. Yanakuja hata siku ambayo umeamua kukasirika.

"Kifungo changu," alisema, akitabasamu.

Kifungo hicho kilikuwa kazi yao ya kila onyesho. Katika sehemu ya pili, jaji humkamata mwanawe kifuani, na kifungo lazima kiruke mpaka kiti cha mbele. Sindano alikishona kwa uzi dhaifu, mishono miwili tu, na kwa kuwa shati lilibana, alikishona akiwa amelivaa. Ndivyo walivyoanza, mwaka mzima nyuma, mmoja amesimama, mwingine anapumua karibu na shingo yake.

Akatunga uzi. Akasogea.

"Nina habari," Bwana Mdogo akanong'ona juu ya kichwa chake. "Nimemwambia Mama."

Sindano akasimamisha mkono. "Umemwambia nini?"

"Umeshtuka. Nimemwambia kuhusu wewe. Kuhusu sisi. Kwanza alinyamaza chakula chote. Shangazi akasema, 'Fundi wa nguo? Kwani mabinti wamekwisha?' Mama akamwambia anyamaze. Halafu akasema uletwe kesho, Jumapili, chakula cha mchana. Unasikia? Amesema uletwe."

Sindano alisikia. Tangu alipofiwa na wazazi hakuwahi kualikwa Jumapili nyumbani kwa watu, akakaa kwenye meza ambayo mtu atamuuliza kama ameshiba. Alikuwa akila kwenye kitanda chake, sahani magotini, akisikiliza familia ya chumba cha pili wakigombea kijiko. Mtu asidhani alimpenda Bwana Mdogo kwa maduka ya mama yake. Alimpenda kwa sababu alikuwa akimsubiri. Kila jioni, akitoka, kulikuwa na mtu amesimama kwenye kona anamsubiri yeye.

"Mbona husemi kitu?" Bwana Mdogo akauliza.

"Nimetoka kwa Mama Mvuke."

Tabasamu likamtoka usoni taratibu. "Hajambo?"

"Amegawa jiko lake. Anaogopa atachoma nyumba. Anadhani ana ugonjwa uliomuua mama yake."

"Nilishakwambia nitamsaidia. Nitampelekea kila mwezi, maisha yake yote, hatajua imetoka wapi."

"Hataki msaada. Anataka kujua kama ana akili timamu."

Nje, mafundi wa jukwaa walikuwa wakiburuta viti.

"Tukishaoana," alisema Bwana Mdogo. "Naapa. Tukishaoana nitamkalisha Mama chini nimweleze yote. Atafoka, atalia, yataisha. Lakini si leo. Kesho ndiyo siku yetu. Akisikia leo kwamba tulijifungia humu na pasi ikaunguza gauni la uchumba wake na baba, unadhani atakukaribisha? Atasema ulinipotosha."

"Nilikupotosha?"

"Mimi nimesema hivyo? Nimesema yeye ndivyo atakavyosema." Akamshika kidevu, akamwinua uso. Macho yake yalikuwa na maji, na hayakuwa maji ya uigizaji. Sindano aliyajua yote mawili. "Nakupenda. Sijawahi kumpenda mtu hivi. Usinitake nichague siku ya leo."

"Na Mama Mvuke amechagua siku gani?"

"Na wewe je?" Ikamtoka ghafla. "Wewe huna mdomo? Wiki tatu unakwenda kwake na mkate. Mbona hukumwambia?"

Hapo alikuwa amesema kweli. Sindano alishona mshono wa pili, akainama kukata uzi kwa meno, na shavu lake likagusa kifua cha Bwana Mdogo. Aliusikia moyo wake ukipiga kwa nguvu. Alitamani abaki hapo mpaka pazia lioze.

"Ndiyo," alisema hatimaye. "Nilikuwa na mdomo."

* * *

Wakati wa mapumziko, mama mwenye maduka aliingia mwenyewe chumba cha mavazi. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi sana kama angekuwa mbaya, akaja na matusi na mkono kiunoni, kila mtu akajua pa kusimama. Alikuja na marashi ya gharama na sauti ya upole, akatazama cherehani, akatazama kuta, akamtazama Sindano kuanzia viatuni.

"Wewe ndiye."

"Ndimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu anakusifu. Anasema una mikono mizuri na unajua kutunza siri." Akakaa kwenye kiti cha Mama Mvuke bila kujua ni cha nani. "Sitakuficha. Sikukutarajia wewe. Mzazi huwa ana picha yake. Shangazi yake bado amenuna. Lakini mimi nami sikuzaliwa kwenye maduka. Mama yangu alifua nguo za watu, na sijasahau."

"Asante, Mama."

"Ninachotaka ni binti mwaminifu. Umaskini si kidonda, lakini uongo unanuka hata ukiufunika." Akanyoosha mkunjo kwenye sketi yake. "Na yule mama mpiga pasi, nasikia ulikuwa kama mwanawe. Sina ubaya naye. Nilimpelekea blanketi. Lakini mtu akishaanza kusahau moto, hata ukimpenda huwezi kumwacha karibu na moto. Ningefanyaje?"

Sindano alifungua mdomo. Kengele ya sehemu ya tatu ikalia, na mama akainuka.

"Kesho tutaongea vizuri. Uje mapema, na usijisumbue kuleta kitu."

Alipobaki peke yake, Sindano alikirudisha kiti cha Mama Mvuke mahali pake. Ule mwaliko ulikuwa wa kweli. Meza ilikuwa ya kweli. Alitakiwa kufanya jambo moja tu dogo, ambalo tayari alikuwa na uzoefu nalo: anyamaze.

Akaenda kusimama nyuma ya pazia la pembeni, mahali pake pa kila siku, na pini mdomoni, endapo vazi la mtu litaachia. Jukwaani familia ya jaji ilikuwa mezani. Habari ilikuwa imefika kwamba yule mtumishi aliyefukuzwa alionekana akitembea kwenye mvua bila viatu, na sasa haonekani. Jaji akasema yeye alifuata haki. Mkewe akasema yeye alimfuata mumewe. Mpishi akasema yeye alifuata maagizo. Kila mmoja alikuwa na lake analolijua, na kila mmoja aliendelea kula.

Hapo ndipo Bwana Mdogo alipotakiwa kusimama, na akasimama. Kifua wazi pale kifungo kilipong'oka, akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake wa jukwaani, akasema lile neno ambalo watu walilipia kiingilio kulisikia.

"Ni mimi."

Hakulisema kwa kelele. Kisha akaeleza, pete aliichukuaje, chakula kilimkabaje kila alipotazama pale mtumishi alipokuwa akisimama. Alilia kilio cha mtu anayejua anacholilia. Sindano alimtazama na akafahamu kwamba alikuwa hamwigizi mtu yeyote. Alikuwa akitubu pale, mbele ya watu mia tano, kila Jumamosi, kisha anapigiwa makofi na kurudi nyumbani akiwa mwepesi. Kila alipotubia jukwaani, haja ya kutubu mahali pengine ilipungua.

Kwenye safu ya mbele, mama yake alikuwa akifuta machozi kwa leso.

* * *

Makofi yalipokwisha, mama alikuja nyuma ya jukwaa mbio mbio, macho mekundu, akamkumbatia mwanawe na jasho lake lote. Waigizaji walikuwa wamekwenda kubadili nguo. Walibaki watatu, na taa moja, na vikombe vya jaji juu ya meza.

"Umeniua leo," mama alisema. "Umeniua kabisa. Mimi najua ni mchezo, lakini nikawa najiuliza, hivi kweli mtu anaweza kukaa mezani na kula, anajua yule binti wa watu anateseka kwa kosa lisilo lake? Roho yake imetengenezwa na nini?"

Bwana Mdogo akatazama viatu vyake.

Sindano alimsubiri. Alihesabu pumzi zake mwenyewe na kumsubiri. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mama mwenyewe, mpana, na mwanawe alitakiwa apite tu. Sindano alimwomba kwa macho, kama alivyokuwa akimwomba mambo mengi kwa macho mwaka mzima ule, na siku zote alikuwa akimwelewa.

"Mama umechoka," alisema Bwana Mdogo. "Twende nyumbani."

"Mama," Sindano akasema. "Gauni lako halikuunguzwa na Mama Mvuke."

"Sasa hayo ya nini saa hizi?" Bwana Mdogo akadakia, akicheka kicheko kisichofika popote. "Mama, huyu naye amechoka."

"Mwache aseme," mama alisema.

"Mama Mvuke aliisimamisha pasi kwenye kigae, akatoka kwenda kumsaidia mtu. Hakusahau kitu. Pasi iliguswa baada ya yeye kutoka."

"Na nani?"

Sindano hakujibu. Si kwamba aliogopa, alimwachia nafasi. Neno lilikuwa lile lile alilolisema robo saa iliyopita, na magoti hayakuhitajika. Mdomo wa Bwana Mdogo ulifunguka. Sindano alimpenda wakati ule kuliko wakati wowote mwingine, kwa sababu aliona jinsi alivyotaka.

Mdomo ukafumba.

"Tulikuwa wawili chumba cha mavazi," Sindano akasema. "Mmoja wetu ni mimi."

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha macho yake yakahama kidogo, yakaelekea kwa mwanawe, yakafika nusu ya njia, yakarudi. Wazazi hujua. Mwingine ni nani lilikuwa swali jepesi kabisa kuuliza, na yule mama, ambaye alikuwa ameuliza maswali mengi siku ile, hilo hakuliuliza.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu. "Na ulikubali kuja kwangu kesho. Ulikaa hapo ukaniangalia usoni."

"Ndiyo, Mama."

"Nashukuru nimekujua mapema. Mwongozaji nitamwambia mwenyewe kuhusu yule mama. Haki yake atapata. Wewe usije." Akaweka leso kwenye mkoba, akaufunga. "Nakusubiri kwenye gari, baba."

Walibaki wawili. Bwana Mdogo alikuwa akilia tena, na safari hii Sindano hakumfuta.

"Kwa nini hukusema jina langu?" aliuliza.

"Lilikuwa la kwako kulisema."

"Nitamwambia. Nipe wiki moja. Nitamwambia, halafu nitakuja kukuchukua. Utanisubiri?"

Sindano alimtazama yule aliyekuwa akimsubiri kwenye kona kila jioni. Aliitazama ile nyusi iliyokatika kidogo, na shingo aliyokuwa akijua joto lake. Alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imekaa pale pale kwenye ncha ya ulimi, imeoga na imevaa.

"Mwambie kwa ajili ya Mama Mvuke," alisema. "Ukimwambia kwa ajili yangu, siku tutakayogombana utajuta."

Honi ikalia nje, mara moja, kwa adabu. Bwana Mdogo akamshika mkono, akaubana mpaka ukauma, akaondoka.

* * *

Jua lilikuwa linazama Sindano alipopanda ngazi za kwa Mama Mvuke. Hakukaa. Alisimama, amejishika kwenye kiti, akasema yote kwa mpangilio: kola, kicheko, sauti koridoni, mlango wa nyuma. Jina alilitaja, kwa sababu hapa halikuwa lake kulificha. Alisema pia kwamba hakugeuka.

Mama Mvuke alisikiliza kichwa kimeinama. Sindano alipomaliza, yule mama aliinua uso uliokuwa umebadilika, kana kwamba mtu amemtua mzigo kichwani na shingo bado haijaamini.

"Kwa hiyo kigae," alisema. "Nilichokiona ni kweli."

"Ni kweli, Mama."

"Niliisimamisha."

"Uliisimamisha."

"Kwa hiyo mimi ni mzima."

"Wewe ni mzima, Mama. Hujawahi kuwa na kitu."

Mama Mvuke akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika, na haikujulikana anacheka au analia. Sindano akapiga hatua kumshika, na hapo mama yule akanyoosha mkono mmoja, bila hasira, akamzuia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Yaani kila ulipokuja hapa. Ukakaa hapo. Ukaniona nikienda mlangoni, nikirudi. Nikakwambia habari za mama yangu, ambazo sijamwambia mtu. Wewe unajua."

"Niliogopa kumpoteza," Sindano alisema, na machozi yakamshuka. "Sikuwa na mtu mwingine."

Mama Mvuke alimtazama kwa mshangao kidogo. "Ulikuwa na mimi," alisema.

Sindano alisimama na kulia kwa sauti ndogo, kama alivyozoea kulia kwenye chumba chenye kuta nyembamba.

"Usijichoshe," mama alisema baada ya muda. "Nitakusamehe. Najijua, sina roho ya kukaa na kinyongo, kitanichosha mwenyewe. Lakini si leo, mwanangu. Leo nenda kwako."

"Nije lini?"

"Nitakuita."

Sindano alitoka, akauvuta mlango nyuma yake kwa upole. Alishuka ngazi chache, akaketi. Juu yake alisikia mlango ukifunguliwa, kandambili zikiburuzika haraka koridoni, mlango wa jirani ukigongwa kwa kiganja.

"Jirani, fungua. Fungua nikwambie. Akili yangu ni nzima. Sikusahau chochote, jirani, akili yangu ni nzima kabisa."

Kisha vicheko vya wanawake wawili, na watoto wakauliza kuna nini, na mlango ukafungwa wote wakiwa ndani. Sindano alifurahi. Alifurahi kwa kweli, kwa moyo wote, na akageuza kichwa kwa mazoea amwambie mtu.

Hapakuwa na mtu.